Gari la Umeme Ndani ya Zizi

Mwenzangu, sogea karibu. Hili jambo nimewaeleza watu wachache, na hao nao niliwapa nusu nusu. Wewe nakuandikia lote, maana najua hutacheka pasipochekesha, na pale panapochekesha utacheka pamoja na mimi.

Mimi ni Mwiraqw wa Kansay, nimeolewa na Mmasai wa Ngorongoro, upande wa kule Endulen. Baba watoto yuko Zanzibar, analinda hoteli, anakuja mara moja kwa mwaka. Mimi niko Karatu mjini na watoto, naendesha gari la loji. Udereva nimeujua ukubwani. Zamani nilikuwa naosha vyombo palepale lojini, jioni nakwenda kwenye masomo ya watu wazima, tunakaa kwenye madawati ya watoto mpaka magoti yanagonga meza. Hapo ndipo nilipopata Kiingereza changu cha kusomea vibao. Bosi alipoona nasoma, akaniambia nijifunze na gari. Nikajifunza.

Sasa pale lojini kuna magari ya mafuta, yale makubwa yanayoingia mbugani na wageni, na kuna moja la umeme. Hilo ndilo langu. Linapeleka wafanyakazi nyumbani, linaleta mboga kutoka Buger na vitunguu kutoka Mang'ola. Vijana wa stendi wanaliita Paka, kwa sababu linakufikia hujasikia kitu. Na kama paka, hilo gari lina tabia zake. Ukiliegesha na kulifunga, kuna kitu kinaitwa ulinzi. Ukikiwasha, gari halilali. Kamera zake zinaangalia pande zote, mtu akilisogelea linawasha taa na kumchukua picha. Meneja alishatuwekea sheria, Paka lisikae popote bila ulinzi, kwa sababu mjini liliwahi kung'olewa vioo vya pembeni mchana kweupe. Mimi kuwasha ulinzi kulishakuwa kama kufanya ishara ya msalaba ukipita kanisani. Mkono unakwenda wenyewe.

Shule zilikuwa zimefungwa. Binti yangu wa pili, yuko darasa la sita, alikwenda kwa bibi na babu yake kule bomani. Kila likizo anakwenda. Anapenda ndama kuliko kitabu.

Mchana mmoja, narudi Mang'ola na magunia ya vitunguu, simu ikaita. Ni mama mkwe. Kule kwao mtandao unashika juu ya kilima tu, kwa hiyo ukiona anapiga ujue amepanda, na akipanda si bure. Akaniambia mtoto amechomwa na mwiba. Nikamwambia si muutoe tu. Akasema uko jichoni.

Walikuwa wanafukuza ndama kwenye miti ya miba, mwenzake mbele akasukuma tawi likarudi. Mwiba uliingia kwenye jicho la kulia, penyewe kwenye cheusi, ukavunjikia. Mganga wa zahanati alikuwa ameutoa ule uliokuwa unaonekana, akamfunika jicho na kifuniko kigumu ili lisiguswe, akasema hili si lake wala la hospitali ya jirani, ni la daktari wa upasuaji wa macho. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mbali na mama mjamzito. Na Mungu, mwenzangu, ana namna zake: wiki ileile madaktari wa macho walikuwa wamepiga kambi hospitalini Karatu. Nikampigia nesi mmoja wa pale, tunasali naye jumuiya moja. Akaenda kuwauliza. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Dada, kesho saa sita mchana wanafunga kambi wanaondoka. Wamesema mlete kabla ya hapo. Jicho lililotoboka likisubiri linaoza, na likioza linaweza kulivuta na la pili."

Mpaka pale nilikuwa nafikiria jicho moja.

Lojini magari yote ya mafuta yalikuwa mbugani. Meneja hakuniuliza maswali, alisema chukua Paka nenda. Lakini Paka lilikuwa limetoka Mang'ola, limebaki na chaji kidogo. Tukalichomeka kwenye ile mashine ya chaji ya haraka. Nikasimama pembeni na rozari, namba zinapanda, feni za gari zinavuma kama mashine ya kusaga. Fundi wetu wa umeme, kijana mpole, akaja akaniambia, mama, likitoka kwenye chaji hii huwa halitulii mapema. Betri imepata moto. Hata ukilizima litaendelea kujipoza, kwa hiyo usishangae asilimia zikishuka na wewe umesimama. Nikaitikia. Ungeniuliza siku ile alisema nini nisingeweza kukuambia. Ilipofika themanini na tano nikachomoa.

Getini, pale pa kuingilia Ngorongoro, walijua mimi ni nani, lakini foleni ni foleni. Nilisubiri gari likiwa limezimwa, na zile feni bado zinavuma, na nilipowasha zilikuwa zimekwenda asilimia mbili bila tairi kuzunguka. Askari wa geti aliniinamia dirishani akasema, mama, ukiingia saa hizi leo hutoki, unajua. Nikamwambia najua. Geti likifungwa jioni hakuna gari linalopita kule juu mpaka asubuhi, na hata ungeruhusiwa, kuna nyati wanalala barabarani kwenye ukungu. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nifike, nimkumbatie mtoto, alfajiri tuondoke, saa tatu tuwe kwa daktari.

Nilifika bomani jua linaingia, chaji ni thelathini na tisa. Nilishapiga hesabu njiani. Kutoka bomani mpaka juu kwenye ukingo wa kreta ni kupanda, na kupanda kunakula sana. Lakini ukishafika juu, kuelekea Karatu ni mteremko, na gari la umeme likiteremka linajirudishia chaji. Thelathini na tisa ilikuwa inatosha na kubaki.

Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwa bibi yake, kifuniko kimefungwa kwa plasta, kichwa amekiinamisha kama mtu anayebeba maji asimwage. Hakulia. Alisema, "Mama, nikigeuka linageuka na lenyewe ndani, ndiyo maana sigeuki." Nikakaa chini mavumbini nikamwekea mkono mgongoni.

Sasa nikueleze jambo la kwao, bila hilo hutaelewa. Mimi na baba mkwe hatuzungumzi ana kwa ana. Si ugomvi, ni heshima. Mkamwana hasimami mbele ya baba mkwe wake akabishana naye macho kwa macho. Kukiwa na neno, mzee analipitisha kwa mtoto, hata kama nimekaa hatua tatu kutoka kwake na ninasikia kila kitu. Na mimi jibu langu linapita kwa mtoto huyohuyo. Miaka yote tumeishi hivyo na tumependana hivyo. Mtu wa kwanza kunipa mbuzi pale bomani alikuwa yeye, na hajawahi kuniita kwa jina.

Jioni ile alikuja na fimbo yake, akaliangalia gari nililoliegesha nje ya uzio, akalizunguka. Kisha akamwambia mjukuu wake, huyo aliyefungwa jicho:

"Mwambie mama yako gari lisilale nje. Fisi walikula matairi ya gari la chanjo ya ng'ombe. Mali ya mgeni inalala na mali yangu."

Kweli fisi wa kule wanatafuna mpira kama muwa. Na kweli kwao mnyama wa mgeni haachwi nje, anaingizwa zizini katikati pamoja na ng'ombe wa mwenye boma, ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Ningemjibu nini? Na ningemjibu kupitia nani, mtoto ambaye akitikisa kichwa jicho linamgeukia ndani? Nikasema, mwambie babu asante.

Wakavuta miba ya lango, nikaingiza Paka zizini polepole, ng'ombe wakapisha, kisha wakafunga. Boma zima lilikuja kutazama. Gari lisilo na mlio lilikuwa halijawahi kufika pale. Mama mmoja, mke mdogo wa shemeji, akauliza linakula nini. Nikasema umeme. Akauliza, basi likinya linanya nini? Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, mtoto wangu yuko vile na mimi nacheka. Shemeji akaomba kuchajia simu yake na ya rafiki yake. Nikawachomekea kidogo. Baadaye nikafunga milango, mkono ukaenda wenyewe, nikawasha ulinzi. Vioo vikajikunja. Watoto wakasema limefunga masikio.

Usiku sikuutumia kulala, niliutumia kumshika mtoto mkono asije akalalia upande ule. Mara nyingi niliona mwanga ukipita kwenye nyufa za ukuta. Nilidhani ni vijana wanazunguka na tochi kulinda ng'ombe. Nikawaombea baraka.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kung'ata. Nikaenda zizini nimeshika ufunguo, nikafungua mlango, kioo cha ndani kinachoonyesha chaji kikawaka. Ishirini na nne.

Nikazima nikawasha tena. Ishirini na nne.

Mwenzangu, nimewahi kupigiwa simu ya msiba, lakini haikunipiga kama namba ile. Nilimwita shemeji kwa sauti ambayo mke wa mtu haitumii ukweni. Nikamwambia mmechaji simu za kijiji kizima usiku, mmenimalizia gari. Alikuja anavaa shuka, akanitazama, akasema kwa utaratibu, "Shemeji, simu mbili tu, na ulizichomoa mwenyewe kabla hujafunga. Kama simu mbili zinamaliza gari, basi hilo si gari, ni tochi."

Kabla sijamjibu, ng'ombe mmoja mweupe alisogea akaanza kujikuna shingo kwenye kioo cha pembeni cha upande wa pili. Taa za gari zikawaka. Akastuka, akarudi nyuma, akaja tena. Taa zikawaka tena. Nikarudi kwenye kioo cha ndani, nikafungua pale ulinzi unapoweka picha zake. Ilikuwa pua. Nikasogeza, pua nyingine. Pembe. Mkia. Jicho kubwa la ng'ombe limejaa kioo kizima. Pua. Kuanzia giza lilipoingia mpaka kulipokucha, gari halikupata nafasi ya kusinzia. Kila mnyama aliyejisugua, aliyepita, aliyelala akiegemea tairi, lilimdhani mwizi. Liliwasha kamera, likawasha taa, likaamsha kila kitu ndani yake, likaandika, na kabla halijalala akaja mwingine. Ndiyo ile mianga niliyoiombea baraka. Na juu ya hapo betri ilikuwa bado inajipoza kutoka kwenye chaji ya haraka. Sasa maneno ya fundi yakanirudia yote, neno kwa neno, wakati hayanisaidii.

Nilipanda kilima cha mtandao na mama mkwe, nikampigia fundi. Aliniuliza njia ikoje, ina mawe kiasi gani, tutakuwa wangapi. Akasema ukifika juu umepona, mteremko utakurudishia. Shida ni kufika juu. Zima hita, zima redio, zima kila kitu, nenda kama unabeba mayai. Nikamuuliza, lakini nitafika? Akasema, "Mama, mimi nakuombea." Fundi wa umeme akikuambia anakuombea, unajua hesabu yake imesemaje.

Gari lingine halikuwepo. Siku ile haikuwa ya mnada, hakuna lori. Kusubiri ni kusubiri jicho lioze.

Wakati tunamfunga mtoto shuka, baba mkwe alikuwa amesimama pale langoni, amewatazama ng'ombe wake, amelitazama gari. Alikuwa amesikia yote. Akamuuliza mtoto:

"Muulize mama yako. Ni ng'ombe wangu waliokula umeme wake?"

Nilikuwa na hasira, sitakuficha. Lakini nilimwona mikono yake imeishika fimbo kwa nguvu mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Nikamwambia mtoto, mwambie babu hapana. Ng'ombe hawakula kitu. Gari liliwaogopa usiku kucha, woga ndio ulioumaliza.

Mzee akatikisa kichwa. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa gari akaingia akakaa. Hakuna aliyemwambia aje. Mjukuu wake anakwenda hospitali, yeye ndiye mkubwa wa boma, anakwenda. Mama mkwe alinitazama, mimi nikamtazama. Sote tulikuwa tumesikia fundi akiuliza tutakuwa wangapi, maana simu niliiweka sauti ya nje pale kilimani. Lakini nani amwambie mzee kwamba ni mzigo? Mama mkwe mwenyewe alikuwa ameshavaa viatu aje. Akavivua. Akamwekea mtoto mkono kichwani, akatema mate kidogo ya baraka kama wanavyofanya, akarudi ndani bila kugeuka.

Tukaondoka. Sikuwasha hita, kioo cha mbele kinaingia mvuke nafuta kwa kanga. Mtoto amekaa mbele, mgongo umenyooka, amejishikilia kichwa kwa mikono miwili kila tukikanyaga jiwe. Kila jiwe nililokanyaga nilimwomba msamaha. Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Nilianza rozari kwa mdomo, nikajikuta nasali namba badala ya Salamu Maria, kumi na sita, kumi na tano, nikaanza upya. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sikuyasoma kwenye kitabu chochote cha sala. Nilimwambia, wewe umeliumba jicho, unajua lilivyo laini, sasa kwa nini umeumba na mwiba. Nilimwambia chukua langu. Kisha nikakumbuka bado naendesha, nikamwambia chukua langu tukishafika.

Mpando wenyewe ulipoanza tulikuwa na kumi na moja. Barabara inakwenda juu, inapinda, inakwenda juu tena, na ukungu umeshuka mpaka huoni mbele. Namba zikaanza kushuka kama mtu anayeshuka ngazi kwa haraka. Nane. Saba. Nikapunguza mwendo, tukawa tunakwenda kama mtu anayetembea. Ikafika tano, kikatokea kijipicha cha kobe kwenye kioo, gari likakata nguvu lenyewe. Nikikanyaga, haliitikii. Tunajikokota tu.

Ndipo nyuma mzee akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwambie mama yako nashuka kukojoa. Asinisubiri."

Mtoto akaanza kunirudishia maneno, na katikati sauti ikamkatika, kwa sababu hata yeye alielewa. Mlango ulifunguka, ukafungwa. Gari lilikuwa linakwenda polepole kiasi kwamba mtu mzima angeweza kushuka bila kujikwaa. Nilimwona kwenye kioo. Hakwenda pembeni. Alisimama katikati ya barabara, fimbo mbele yake, shuka jekundu, ukungu unamla miguu, anatutazama tunavyokwenda. Kule juu nyati wapo, chui wapo. Na mimi mkamwana wake sikusimama. Niliendelea kukanyaga. Gari likawa jepesi kidogo, nikaisikia tofauti ile kwenye usukani. Uzito wa baba yangu mkwe nimeujua kwa gari.

Tulifika juu. Ndiyo, tulifika, na asilimia mbili. Nililia hapohapo, nikasema Bwana asifiwe, sasa ni mteremko. Lakini barabara ya ukingoni haiteremki moja kwa moja. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, inafuata ukingo kama mtu anayetembea juu ya mdomo wa chungu. Kwenye mwinuko mmoja mdogo, ambao kwa gari la mafuta usingejua hata kama ni mwinuko, Paka likasimama. Kioo kikazimika. Kimya. Saa ilikuwa inakwenda saa nne.

Hatua chache mbele ni pale wageni wanaposimama kupiga picha za kreta. Nilimshika mtoto mkono tukatembea. Kulikuwa na magari ya wageni mengi, karibu yote yanaelekea Serengeti. Nikaanza kwa dereva wa kwanza, ana wageni wana ndege ya kuwahi kule. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu wala hakushusha kioo. Wageni wanacheka, wananyoosha simu kwenye ukungu, kreta haionekani, wanapiga picha ya ukungu. Mimi nimeshika mtoto, kanga imenianguka, naomba kama kipofu wa sokoni.

Kijana mmoja, dereva wa gari la zamani, alikuwa ameegemea boneti anakunywa chai. Ameliona Paka likizimika. Akaniambia kwa utani, "Dada, gari la umeme limeishiwa nini tena, mafuta?" Wenzake wawili wakacheka. Kisha mtoto akainua uso, yule kijana akaona kile kifuniko. Usaha ulikuwa umeanza kupita kwenye plasta. Yule kijana alimwaga chai chini.

Wageni wake walikuwa wawili, mama na baba watu wazima, wamemaliza safari wanakwenda kupanda ndege uwanja mdogo wa Manyara. Aliwaambia kwa Kiingereza cha haraka ambacho sikukishika chote. Yule mama wa Kizungu alifungua mlango akahamia kiti cha nyuma kabisa kwenye mabegi. Nikamwomba dereva awaambie wenzake kwa redio yao, wale wanaoteremka kuelekea Serengeti, kwamba kuna mzee barabarani kwenye mpando wa chini, mwenye shuka jekundu, wamchukue. Alishika kile kidude akasema hilo, na redio ikajibu, moja, mbili, tatu, wote wanasema wameelewa. Hapo ndipo nilipoweza kukaa.

Paka tuliliacha pale. Sikuwasha ulinzi.

Tulifika hospitalini wanafunga maboksi. Daktari, mama wa makamo, alikuwa ameshavua koti. Alimfungua mtoto jicho akaangalia na tochi yake ndogo, akalirudisha koti mwilini, akaita wenzake wafungue boksi moja. Walimwingiza. Nikapiga magoti kwenye korido, watu wakanipita kulia na kushoto.

Jicho la pili, la kushoto, ni zima. Nikuambie hilo kwanza, kwa sababu mimi ndilo nililouliza kwanza. La kulia walilishona, wakatoa kipande cha mwiba kilichokuwa kimebaki. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba uchafu ulikuwa umeshaingia ndani, na masaa yalikuwa yamefanya kazi yake. Siku ya kufungua bandeji alimfunika la kushoto, akasogeza mkono mbele ya lile la kulia. Mtoto akasema naona mwanga wa dirisha. Akamuuliza, na mkono wangu? Akasema, mkono gani?

Baba mkwe alikuja Karatu na lori la mahindi. Madereva wale walikuwa wamemkuta akitembea, siyo kurudi nyumbani, akitembea kupanda, kufuata gari letu. Walimrudisha mpaka njia panda ya Endulen. Aliingia wodini akasimama upande wa kulia wa kitanda, mtoto hakumwona mpaka alipogeuka. Mzee akaelewa. Alikaa. Safari hii hakutafuta mtu wa kupitishia maneno. Kisha, mwenzangu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, aliniangalia mimi mwenyewe usoni akasema, "Mama, linauma?" Nikamjibu mwenyewe, ana kwa ana, nikasema, "Haliumi tena, baba." Hatukusema zaidi. Na baada ya siku hiyo tumerudi kwenye desturi yetu.

Watu wa jumuiya walikuja kusema tumshukuru Mungu, angeweza kupoteza yote mawili. Nashukuru. Nashukuru kwa mdomo kila asubuhi, na moyo unafuata nyuma, siku nyingine unafika, siku nyingine haufiki. Binti anasoma. Anakaa upande wa kulia wa darasa ili ubao uwe kushoto kwake. Anapomimina chai anakosea kikombe, anamwaga mezani, anafuta. Mimi nipo palepale kwenye kiti, nataka kumshikia birika, simshikii.

Sasa nakuomba jambo moja. Haya usiyaache yakaishia kwako. Mpe dereva yeyote unayemjua anayeendesha gari la umeme, mwambie likitoka kwenye chaji ya haraka bado linakula likiwa limesimama. Mwambie akilaza gari kwenye wanyama au watu wengi azime ulinzi, na safari ya kesho aipigie hesabu kwa namba ya asubuhi, siyo ya jioni. Mpe na mama yeyote mwenye mtoto anayekwenda machungani, mwambie jicho lililochomwa haliambiwi subiri. Na kama kuna asiyejua kusoma, mkalishe chini umsomee, hata kama itabidi umsomee jioni mbili.